Pumzi Kabla ya Wimbo

Jumapili moja ya kiangazi naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya mablanketi yaliyotundikwa madirishani ili ukumbi uwe giza, na moshi wa jenereta iliyokuwa ikinguruma nje. Imenirudia kwa sababu juzi nilikusikia ukibishana na wenzako. Ulisema, "Kiti nimelipia, simu ni yangu. Nikipokea ndani ya sinema namkosea nani?" Nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba, maana sauti niliyoisikia haikuwa yako. Ilikuwa yangu, nikiwa na miaka thelathini.

Siku hizo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, nami nilikuwa mpima mizani wa mmoja wao. Tajiri akanipa simu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Kitai, ilikuwa ya kwanza. Watoto walinifuata waione ikiwaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nilisifiwa, nikaharibika. Nilianza kuitikia salamu za wazee huku nikitazama kiganja changu.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Ulishika mahali pamoja tu: dirisha la tatu la ukumbi wa parokia, linalotazama mlima, nako simu ililia tu; kusema, mpaka utoe kichwa nje.

Jumapili hiyo fundi wa video alifika kutoka Songea na runinga, deki na jenereta. Alileta mkanda wa sherehe ya vijana wa kwaya, uliopigwa mwaka uliotangulia. Tulijaa hadi mlangoni. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona picha inayotembea, seuze picha ya watu tunaowajua kwa majina.

Mbele kabisa, chini kwenye mkeka, alikaa Mama Dominikus. Alikuwa mwanamke wa ziwani. Alipanda kutoka Mbamba Bay, siku mbili njiani, kwa kuwa alisikia mwanawe yumo kwenye mkanda. Dominikus alisoma huku kwetu, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Malaria ilimchukua miezi michache baada ya sherehe ile, akazikwa mama yake hajafika. Alichobakiwa nacho mama huyu ni picha moja ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Sauti ya mwanawe hakuwa nayo.

Nami nilikaa wapi? Chini ya dirisha la tatu, mwanangu. Nilikwenda mapema kulishika.

Kwaya ikatokea kwenye kioo. Watu wakaguna kwa mshangao, wakaoneshana: yule fulani, yule fulani. Kisha ukumbi ukatulia wenyewe, kwa kuwa Dominikus alipiga hatua mbele ya wenzake, akainua uso.

Simu yangu ikalia.

Nikapanda juu ya benchi, nikafunua blanketi, nikatoa kichwa nje. "Haloo! Haloo! Nakupata! Sema!" Jua la mchana likamiminika mle ndani, likaipiga runinga usoni. Picha ikafa ikawa nyeupe. Nyuma yangu nilisikia watu wakinizomea. "Shuka wewe Haloo! Unampigia Papa?" Nami, kwa upumbavu wa ujana, nikawapungia mkono wanisubiri.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na hasira hata chembe.

"Baba, shusha hilo blanketi. Mtoto wangu anapotea."

Nilipogeuka wimbo ulikuwa umekwisha. Mama Dominikus alikuwa amepiga magoti, viganja vimezunguka kioo cha runinga, anakikinga na mwanga wangu kama mtu anayekinga kibatari na upepo. Fundi akaanza kurudisha mkanda nyuma. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika. Petroli ilikuwa imekwisha, na basi la kumrudisha fundi Songea lilikuwa likipita saa kumi.

Unajua ni nani aliyekuwa amenipigia? Rafiki yangu wa Mbinga mjini. Alisema, "Sina jambo, nilikuwa najaribu tu kama inashika."

Mzee Ndunguru, katekista wa zamani aliyeshika ufunguo wa ukumbi, aliniita kwa kidole hadi nje. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao, na palepale penye chakula maneno ya ukoo husemwa. Tunaita sengu. Mzee aliniuliza:

"Mtu akiingia kwenye sengu na habari ya msiba, wewe unafanya nini na tonge lililoko mkononi?"

"Nalirudisha, mzee."

"Na lililoko mdomoni?"

"Nanyamaza nalo."

"Basi leo umetafuna. Umetafuna kwa sauti, mbele ya mfiwa."

Aliichukua simu, akaivingirisha kwenye kitambaa, akaifukia ndani ya debe la mahindi. Kisha akanipa baiskeli yake na dumu la petroli.

Milima ile unaijua. Kwenda mjini nilisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda, na kurudi nilifunga dumu kwa mpira wa tairi, nikishuka bila kugusa breki. Nilikuwa nikiogopa saa kumi kama mtu anavyoogopa hukumu. Nilipofika, basi lilikuwa bado halijapita, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Watu wote wale walikuwa wamekaa gizani wakisubiri pamoja na mama mmoja, wamemletea maji na viazi.

Sikuthubutu kukaa. Nilikwenda dirisha la tatu, nikalishika blanketi kwa mikono yote miwili, kifua ukutani, mgongo kwa runinga. Kwa hiyo picha ile sijaiona mpaka leo. Niliisikia.

Nilisikia kwaya ikipanga miguu. Nilisikia ukumbi mzima ukizuia pumzi, hata watoto wachanga, sijui ni nani aliyewaambia. Na katika ukimya ule nikasikia kitu ambacho nywele zangu zinasimama ninapokikumbuka: kijana aliyelala kaburini alivuta pumzi. Pumzi fupi, ya mtu anayetaka kuanza wimbo. Kisha akaimba, sauti ikapanda mpaka kwenye mabati, na mama yake akaiitikia kutoka kwenye mkeka, peke yake, kwaya ikiwa bado haijafika zamu yake.

Ulipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Mama Dominikus alisema tu, "Nimemsikia akivuta pumzi. Ndivyo alivyokuwa akivuta usingizini, akiwa mdogo." Alipotoka alinishika mkono uliokuwa ukinuka petroli, akasema, "Asante, baba, kwa kushika giza."

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama wa mwenzangu, naye hakunigombeza. Wazee wenzangu bado wananiita Haloo. Naitika.

Basi sikia, mwanangu. Kiti umelipia, ni kweli; giza na ukimya hukulipia, vitu hivyo tunapeana. Hujui aliyekaa mbele yako amepanda milima mingapi, wala amekuja kumwangalia nani. Kwa hiyo izime kabla hujaingia. Ukiwa na dharura, toka nje kwanza, ndipo useme haloo. Na anayekuita akukose dakika chache. Aliye hai atapiga tena.

Mungu akupe masikio ya kusikia pumzi ya mwenzako kabla ya sauti yako mwenyewe. Akukuze, akuheshimishe. Na siku utakapokuwa hupo, na mtu aliyekupenda amekuja kuisikiliza sauti yako, Mungu akupatie ukumbi ulionyamaza na mtu wa kushika blanketi.