Chacha kabatizwa na mke aliyetakiwa kufukuzwa

Jamani, mimi niliyemkimbiza simba kwa fimbo, leo nimetetemeshwa na mwanamke mwenye kibuyu!

Rika langu Chacha, hapa Kemambo, alikuwa hoi kitandani. Amemwamini Yesu siku nyingi.

Mwalimu wa dini akakataa kumbatiza. "Mzee, mfukuze kwanza mke wa pili."

Nikamuuliza, "Imani yake haitoshi?"

"Bila maji haokoki."

Bhoke, huyo huyo mke wa pili, akainuka. Akammwagia mumewe maji ya kibuyu kichwani. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu!"

Weee!

Mwalimu akafoka, "Huo si ubatizo!"

Chacha akamwambia, "Basi yatoe, yameshaingia masikioni."

Akafumba macho, akakata roho.

Kaburi tunachimba. Msalaba tuweke, tusiweke? Semeni basi!