Donge la Nne

Shangazi yangu aliosha chupa za maabara ya shule kwa miaka ishirini na miwili, walimu wakija na kuondoka, masikio yake yakiwa wazi. Asubuhi ya ukaguzi alipanga mezani madonge manne ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe: atomu ya sodiamu na ioni yake, atomu ya klorini na ioni yake. Kila donge lilikuwa na kikaratasi chake.

Mwalimu mpya aliyatazama, akasonya. "Mama, ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko atomu yake, sawa. Sasa hii ya klorini mbona kubwa? Badilisha vikaratasi upesi, mkaguzi yuko mlangoni."

"Sibadilishi. Sodiamu imetoa elektroni, ikanywea. Klorini imepokea. Benchi la watu saba likiongezwa wa nane, wanasukumana mpaka magoti yanatoka nje."

"Nani mwalimu hapa?"

Shangazi alifunika vikaratasi vya klorini kwa kiganja na hakukiondoa mpaka mkaguzi alipoingia.

Mkaguzi aliinua donge la nne, akakunja uso. "Nani kaliweka hivi?"

Mwalimu hakungoja. "Huyu mwosha chupa. Nimemwambia kakosea, lakini hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini."

"Mbona hajakosea," alisema mkaguzi, akifungua daftari. "Hebu nieleze, wewe ulitaka ioni hii iwe ndogo kwa nini?"

Shangazi akamsogezea mwalimu chaki.