Nilisifu telefone ya yaya ya bwana yangu, ikamuchoma mama mushonaji

Admin, ficha jina yangu muzuri, juu hapa Lubumbashi bantu mingi banajua sura yangu na sauti yangu. Niko mwanamuke wa miaka 29, niko na bwana na mutoto mumoja, tunaikala Kamalondo. Kazi yenye bantu bananijulia ni kupima matelefone. Nikipata telefone mupya, ninaitumika siku tano ao sita: batri inadumu namna gani, picha zinatoka namna gani, inapata moto ukiongea mingi ao hapana. Kisha ninafanya video, ninasema yote mu Swahili yetu, ya muzuri na ya mubaya. Mama mumoja mu soko aliniambia, "We njo macho yetu." Nilisikia furaha sana.

Telefone za kupima zilikuwa zinatoka kwa yaya ya bwana yangu, kaka yake mukubwa. Nitamuita Yaya Prosper, haiko jina yake. Iko na butiki, duka ya matelefone, mu centre ya muji, analeta mizigo toka ngambo. Bwana yangu alibaki yatima akiwa mudogo, Yaya Prosper njo alimulea, alimusomesha, alimupa kazi mu butiki. Hata nyumba tunaikala ni yake. Nilikuwa ninamuheshimu sawa baba mukwe.

Siku moja alinipatia telefone moja ya bei ya chini, nyeusi, yepesi mu mukono. Alikuwa na haraka, mizigo ilikuwa imeshafika. Nilikaa nayo siku moja tu. Nikasema mbele ya bantu bote: "Hii iko mupya kabisa, nunueni bila woga." Video ikatembea sana. Yaya akachapisha picha yangu kubwa, akaiweka juu ya mulango wa butiki, na yale maneno yangu chini yake.

Kisha juma mbili, ile telefone yangu ikaanza kuvimba mugongo. Mi niko na bisibisi zangu ndogo, nikaifungua. Visi, zile skurubu ndogo, zilikuwa zimekwaruzwa, gundi ilipakwa ovyo, na batri ilikuwa ya telefone ya aina ingine kabisa. Ilikuwa telefone ya zamani, balibadilisha ganda tu, bakaitia mu kartoni mupya. Nikaenda kwa Yaya na vipande mu mufuko.

"Yaya, hii haiko mupya."

Akacheka polepole. "Mutoto yangu, bantu banapenda kartoni yenye haiyafunguliwa. Mi ninabapatia kartoni yenye haiyafunguliwa. We endelea kusema muzuri, sawa vile unajua kusema."

Nilinyamaza. Ninaandika hii neno na haya: nilinyamaza, nikarudia nyumbani, nikapika bukari, ule ugali wetu.

Haikupita siku mingi, nikasikia habari ya Mama Béa, mushonaji wa hapa kwetu, mujane. Alinunua ile telefone juu ya maneno yangu mu video. Aliiweka kwa umeme karibu na vitambaa vya ndoa ya bantu, batri ikapasuka. Akazima moto na mikono. Mukono wa kuume, wenye anashikaka makasi, uliungua mpaka vidole havikunjike.

Nilienda kumuona. Nilitazamia matusi. Mama akanikaribisha kiti, akasema, "Unisamehe, mwanangu. We ulitufundisha mu video namna ya kuchaji. Pengine mi njo nilikosea, na sasa bantu banaharibu jina yako." Kisha akaniuliza, "Nikipona, utanichagulia ingine?"

Nilimuitika "ndiyo, mama," nikatoka mbio.

Asubuhi ile ingine nilirekodi video ya kweli. Nilionyesha batri, nilionyesha visi, nililia. Mbele ya kuituma, bwana yangu akanikamata mukono. Haiko muntu wa kupiga, haiko muntu wa makelele. Aliniuliza tu, "Ukituma ile, kesho tutalala wapi? Na mi nitamutazama yaya yangu na macho gani?"

Nikamuambia, "Na bale bantu bananiamini?"

"Bale bantu ya mu telefone, njo balikuoa?"

Sikuituma. Lakini sikuweza kula, sikuweza kupita mbele ya ile picha yangu. Nikarudia kwa Mama Béa, nikafunga mulango, nikamuambia yote: ile siku moja, visi, batri, maneno ya Yaya. Nikapiga magoti. Alinisikiliza bila kunikatiza, akiutazama ule mukono wake wenye bandeji. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Uongo ulisema mbele ya bantu bote. Kweli unakuja kuniambia mi peke yangu, na mulango umefungwa."

Nilisimama, nikatoka.

Sasa Yaya Prosper amepokea mizigo ingine. Kartoni zimejaa mu salon yangu, mutoto anachezea juu yake. Samedi, jumamosi hii, anataka nisimame mbele ya butiki, nibasemeshe bantu mu direct, video ya papo hapo. Nguo ya kuvaa ameshaninunulia. Bwana yangu anamukubalia yaya yake kwa kichwa, lakini usiku ananigeuzia mugongo. Nikisema kweli, ninamutenga na muntu wa pekee alibaki naye mu jamaa yake, na tunatoka mu nyumba. Nikisema uongo, kuna mama mwingine ataungua, na ataniomba musamaha. Nikisema niko mugonjwa, Yaya atatumika ile video ya zamani, sauti yangu itauzisha bila mi.

Bandugu na badada, musinitukane tu. Bale benye mulishapita mu shida ya jamaa sawa hii, nisemesheni. Leo ni mercredi, jumatano. Nifanye nini mbele ya samedi?