Godoro Kichwani

"Bibi, tangu lini mwanamke aliyeachwa akatembea na mumewe?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo uani kwetu Mbagala, wapangaji wote wanasikia. Mie kusoma sijui, nasoma picha. Mjukuu wangu kaja na kitabu cha hadithi, ndani kuna mama kajitwika godoro, watoto wamebeba masufuria. Mie niliyesuluhisha ndoa za ukoo mzima, godoro kichwani nitalikosea? Nikawaambia watoto, "Huyu kapewa talaka, anarudi kwao."

Jirani akatua ndoo yake, akaweka kidole kwenye picha. "Na huyu nyuma, aliyebeba mtoto mgongoni? Ndiye mumewe. Hawa wanakimbia vita, Bibi. Na sie tulitoka Burundi hivihivi. Wangu alifia njiani. Halafu wewe ukawaambia watu nimeachika."

Nilivuta kanga nikajifunika uso. Ni kweli, alipohamia hapa na godoro na watoto, mwanaume haonekani, nilisema mie. Tangu hapo wenye waume zao hawamwaliki shughulini, wanamwogopa.

Nikamwomba radhi. Akaniangalia, akasema taratibu, "Radhi unaniombea hapa uani, Bibi. Maneno uliyafikisha mpaka sokoni."

Magoti yangu hayawezi tena kufika kote yalikofika maneno yale. Basi wewe unayesoma, ukienda kusukwa, ukipanga ndoo bombani, nisaidie kuwaambia: yule mama ni mjane. Hakuna aliyemwacha.