Doa la Njano Kwenye Ramani ya Nkololo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima kitu chochote. Nilishuka Bariadi kwenye lori lililokuwa limekwenda kuchukua pamba, vumbi hadi kwenye kope, nikiwa na sanduku la bati na cheti changu cha chuo nilichokiviringisha ndani ya khanga kisije kikakunjika. Mhandisi wa Maji wa Wilaya, ambaye ndiye mkuu wangu wa kwanza, hakuniomba hicho cheti. Alinitazama, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Binti, nenda mtoni ukakae. Ukirudi uniambie maji yako wapi."

Nikaenda. Kilikuwa kiangazi, na mto ulikuwa njia pana ya mchanga mweupe yenye nyayo za ng'ombe. Nilikaa juu ya mchanga huo mpaka jua likanichoma kisogo, kisha nikarudi ofisini na jibu langu la kisomi.

"Mhandisi, mto umekauka. Hakuna maji."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Binti, ulikuwa umeyakalia."

Jioni alinirudisha palepale, akapiga goti, akachimba kwa mikono yake. "Weka mkono humo." Nikaweka. Juu mchanga ulikuwa wa moto, lakini mle chini ulikuwa wa baridi. "Ukiwa wa baridi hivi," akasema, "maji hayako mbali. Subiri." Tukasubiri, na maji yakaja yenyewe, taratibu, kama mama anayeingia chumbani ambamo mtoto amelala. Tangu jioni ile sijauamini mto kwa kuutazama juu juu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Bariadi ilikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto, hakuna aliyewaza kwamba siku moja lingekuwa la mkoa. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyotumia ardhi na namna ardhi hiyo inavyoyatendea maji. Nikiwaeleza hivyo wajukuu wangu wanapiga miayo, lakini mimi kazi hiyo ilinikamata moyo kuliko mume yeyote aliyewahi kuja kuniposa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kipimamvua, yaani mtungi mwembamba wa shaba wa kukusanya mvua. Tulikuwa na pete ya chuma ya kugongelea ardhini; unaijaza maji, unatazama yanavyozama, na hapo unajua udongo ule unakunywa au unakataa. Kisha tulikuwa na sufuria ya uvukizi, beseni pana la kupimia maji yanayochukuliwa na jua. Mwezi wangu wa kwanza sufuria hiyo ilionyesha kwamba jua la Bariadi ni kali kuliko la jangwani. Mhandisi alisoma taarifa yangu, akaniita dirishani, akanionyesha punda wa mwenye duka la jirani akinywa kwa raha zake. Tukaizungushia miba.

Ninyi wa leo mnafungua kompyuta mnaona bonde zima bila kuchafua soksi. Sina kinyongo, ila nawaonea huruma kidogo. Sisi tulitembea. Nikiyafumba macho sasa naiona bado ile njia ya kwenda Nkololo, asubuhi ukungu ukiwa umelala bondeni; wewe unaanzia juu kwenye luseni, udongo wa kichanga ambao mguu unaupita kirahisi, unateremka hadi mbuga nyeusi inayonasa kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Mahali fulani katikati unasikia kengele ya ng'ombe usiyemwona. Wakati mwingine husimama jikoni kwangu nikaisikia, na chai ikachemka hadi ikamwagika.

Kule Nkololo ndiko nilikowekewa kituo. Palikuwa na vijito viwili vilivyoteremka kutoka mwinuko mmoja, kimoja kikiitwa Isanga na kingine Mbiti, maana yake fisi, ingawa fisi wenyewe walishahama. Juu ya kila kijito palikuwa na ngitili. Hilo ni neno la Kisukuma ambalo halikuwa kwenye kitabu changu chochote cha chuo. Ni pori la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, asiingie mnyama hata mmoja, nyasi zirefuke na miti ijikusanye, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza ili ndama na maksai wa kulima wapate kupona. Hakuna ua wala mlinzi. Watu wanajua tu, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati anajibu mbele ya wazee.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mjane, jina lake Minza. Alinizidi umri kidogo, alinizidi maneno mara nyingi. Kila asubuhi tulikutana kwenye kisima chake cha mchanga katika kijito cha Isanga, nami nilikuwa nimeshajifunza kuinama na kumwamkia kwa Kisukuma, mayu ikiwa mama na mhola ikiwa salama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

"Leo unapima nini, mayu? Hayo maji tumeshayanywa sana kabla hujazaliwa, hayajaisha."

Marehemu mumewe alimwachia maksai wawili na sehemu ya ngitili kule juu ya Mbiti. Maksai wale walikula nyasi za pale mwishoni mwa kiangazi, na mvua ya kwanza ikidondoka walikuwa na nguvu ya kuvuta plau. Bila ngitili wasingekuwapo maksai, na bila maksai Minza angebaki na jembe la mkono na watoto wanne. Aliniambia hayo bila kulalamika, huku akichota maji kwa kibuyu.

Ndipo ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa vitongoji wakasogezwa pamoja, na kijiji kipya kikahitaji shamba la bega kwa bega la pamba, viwanja vya kaya zote vikiwa vimeungana mahali pamoja. Siku moja iliwasili ofisini ramani ya matumizi ya ardhi, imechorwa vizuri, ina harufu ya wino. Mashamba yalikuwa ya kahawia, makazi mekundu, na juu ya Isanga na Mbiti palikuwa na doa kubwa la njano. Nikatafuta maana ya njano pembeni. Ardhi isiyotumika.

Nikaziomba picha za angani zilizotumika kuichora, nikaziweka chini ya stereoskopu, kifaa chenye macho mawili kinachoziinua picha mpaka unaona vilima na mabonde kama vile unaruka juu yake. Kweli, ndani ya doa lile hapakuwa na njia ya ng'ombe wala shamba. Lakini mito yote pichani ilikuwa myeusi, imejaa maji. Ndege ilikuwa imepita wakati wa mvua, ngitili ikiwa imefungwa. Mchoraji aliona pori lililotulia, akadhani limeachwa.

Nilikimbia hadi kwa Mhandisi. Alinisikiliza kisha akakunja uso. "Binti, umeajiriwa kupima maji. Mambo ya vijiji yana wenyewe."

"Mhandisi, pori lile ndilo linaloyapeleka maji kwenye mchanga. Nimegongelea pete mle ndani, maji yanazama kabla sijakaa sawa. Nimegongelea kwenye shamba la jirani, yanabaki juu yakinitazama. Wakifyeka, visima vya kijiji kizima vitakufa."

Alichukua kofia yake, tukapanda Land Rover, tukaenda Isanga. Akapiga goti kwenye mchanga kama siku ile ya kwanza, akatia mkono, akakaa hivyo muda mrefu.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba. Katibu Kata alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na nia njema, na nasema nia njema kwa sababu aliwatakia watu wale shule na zahanati kwa moyo wake wote. Aliikunjua ramani. "Ndugu zangu, ardhi hii imelala, nasi ni maskini. Wataalamu wenyewe wanasema haitumiki."

Nikasimama. "Ramani imekosea. Picha zilipigwa masika."

"Ndugu Mtaalamu, ramani hii si imetoka serikalini, kwa wataalamu wenzako?"

Watu wakacheka, nami nilitamani nidumbukie kisimani. Ndipo Minza alipoinuka, akiwa amejifunga kaniki yake. "Baba, sisi pori hatujaliacha. Tumelifunga. Mimi nikifunga mlango wa nyumba yangu, nimehama?"

Kicheko kikabadilika upande. Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, Katibu Kata akainua mikono, na ilikuwa wazi kwamba hawezi kurudi wilayani bila shamba. Mhandisi akasimama kwa mara ya kwanza. "Nipeni bonde moja," alisema. "Moja lilimwe, moja libaki limefungwa. Wizara inahitaji kujua tofauti, na mtaalamu wangu atapima." Baadaye aliniambia wizara ilikuwa haijahitaji lolote.

"Libaki lipi?" akauliza Katibu Kata.

Wote wakanitazama mimi. Nilijua jibu, nikashindwa kufungua kinywa. Isanga ilikuwa na visima vya kijiji kizima. Mbiti ilikuwa na visima vichache, lakini ilikuwa na nyasi za maksai wa Minza.

Minza alikuwa hajakaa bado. Alinitazama, na nadhani aliona yote usoni mwangu.

"Limeni Mbiti," alisema. "Isanga ina maji ya watu."

Walifyeka Mbiti kiangazi hichohicho. Mvua ya kwanza ilipokuja nilisimama kwenye kizingiti cha Mbiti, ukuta mdogo wa saruji wenye mkato wa pembe tatu unaopimia maji yanayopita, na maji yalikuja ghafla, mazito, ya rangi ya matofali. Niliyachota kwenye chupa, nikaacha tope litulie, nikalikausha na kulipima kwenye mizani. Chupa za Isanga ziliacha uvumbi chini. Chupa za Mbiti ziliacha udongo wa kufinyangia. Mwaka uliofuata tope liliufunika mchanga wa kijito, na waliochimba visima pale walikuta ukavu.

Maksai mmoja wa Minza alikufa mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo. Mwingine, asiye na mwenzake, akauzwa. Nilimkuta Minza analima kwa jembe la mkono, mvua inamnyeshea mgongoni. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nikamwambia nimechoka, nataka kuomba uhamisho, siwezi kila siku kuchota tope la iliyokuwa ngitili yake nikaliita sayansi.

Akaegemea jembe. "Pima, mayu. Usipopima, nitakuwa nimeitoa Mbiti bure."

Basi nikapima. Nilipima masika baada ya masika, na mistari miwili ya grafu, wa Isanga na wa Mbiti, ikaachana kwenye karatasi mpaka hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona. Mhandisi aliipeleka mkoani yeye mwenyewe. Afisa Mipango wa Mkoa, bwana mkavu aliyenywa chai bila sukari, aliitazama muda mrefu kisha akauliza, "Kwa nini hii rangi ya njano haikuulizwa mapema?" Ramani za vijiji vya Migato na Mwamapalala zilipochorwa, nilitumwa kusimama nyuma ya mchoraji. Ngitili zikapata rangi yake, kijani chenye mistari, na pembeni tukaandika: malisho yaliyofungwa. Zile hazikufyekwa.

Nilihamishwa Shinyanga mjini, kisha Dodoma chini ya Mkurugenzi aliyependa mikutano kuliko mvua, kisha nikamalizia kwa kufundisha chuoni. Kila nilipokwenda mistari yangu miwili ilinitangulia. Walinipandisha cheo kwa ajili yake, na wageni walinishika mkono wakisema ni bahati kubwa kupata mabonde mawili yanayofanana, moja likalimwa na moja likaachwa. Niliitikia kwa kichwa, na moyoni nilikuwa nauona ule mgongo wa Minza ulioinama kwenye mvua.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Mimi kimawazo nilikuwa mbali, kwenye njia ya Nkololo, ukungu umelala bondeni, na ile kengele inalia mahali nisipopaona. Wiki iliyofuata nikapanda basi la Bariadi.

Minza alikuwa hai. Alikuwa amepungua akawa mdogo kama msichana, ameketi kwenye kigoda, macho yana ukungu, lakini alinijua kwa sauti.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Mwangaluka. Bado unapima?"

"Nimeacha. Nimestaafu."

Alijaribu kunitazama. "Ile Mbiti yangu," akasema, "ilikufaa?"

Nilikuwa nimejibu maswali ya maprofesa, nikatetea mistari ile mbele ya mawaziri. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Ilinifaa, mayu," nilisema. "Ilizifaa na ngitili za Migato na Mwamapalala. Hazikukatwa kwa sababu yake."

"Wabeja," akasema, akashukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu. Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

Tulitembea polepole, akinishika bega. Shamba la bega kwa bega lilikuwa limekufa zamani, na nilipoinua uso niliona nyasi zimesimama hadi kiunoni juu ya Mbiti nzima, vichaka vya migunga katikati yake, na hakuna hata unyayo mmoja wa ng'ombe.

"Watoto wameifunga tena," alisema Minza. "Miaka mingi sasa. Sijaambiwa kama maji yamerudi. Mimi siwezi kuinama."

Nikateremka kwenye kijito. Nikapiga goti, goti langu la kizee likalia, nikaanza kuchimba kwa mikono. Minza alisimama ukingoni, kichwa amekiinamisha, akisikiliza.

"Vipi?" akauliza.

Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikautuliza.

"Ni wa baridi, mayu," nikamwambia. "Kaa tusubiri."