Yule Bwana Aliyegeuka Nyuma

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya karai yakiingia kwenye karatasi kuukuu, macho yangu yatafuta maandishi. Msinicheke. Wenzangu walikuwa na maktaba, mimi nilikuwa na viazi vya Bi Zuhura, pale barazani kwake Mji wa Kale.

Bi Zuhura alinunua vitabu vilivyochakaa kwa kilo, vya kufungia viazi. Alikuwa akichana ukurasa, anauzungusha kama pembe, anatia viazi, anamwagia ukwaju. Alichana kwa mpango, toka mwanzo kwenda mwisho, kwa hivyo ukinunua kila jioni wapata hadithi kama inavyokwenda, ila pale palipoliwa na ukwaju au kuchukuliwa na mteja mwingine.

Mwaka mmoja, nikiwa bado msichana, zamu ilikuwa ya kitabu cha visa vya Wayunani wa kale, na msikilizaji wangu alikuwa Saumu, binti wa mama mdogo. Mamake alifariki kabla ya Ramadhani, akaja kukaa kwetu. Nyumbani marehemu alikuwa hatajwi. Nyanya, aliyemzaa marehemu, alishakataza: "Musimtoneshe mtoto kidonda." Saumu naye akawa wa kuitikia kwa kichwa tu. Kitu pekee kilichomtoa sauti ni zile karatasi.

Jioni moja tukasoma habari za bwana aliyefiwa na mkewe, akamfuata mpaka kuzimu, akamwimbia mfalme wa wafu hadi moyo ukalainika. Akaruhusiwa kumrudisha kwa sharti moja: mke aje nyuma yake, na yeye asigeuke mpaka watoke juani. Wakapanda. Bwana hasikii hata nyayo. Na ukurasa ukaisha.

Saumu akanibana mkono. "Aligeuka?"

Nikarudi mbio kwa Bi Zuhura. Ukurasa uliofuata ulikuwa ushachanwa.

"Umempa nani?"

"Wewe wataka viazi ama wataka ugomvi?"

"Nataka ukurasa!"

Akanyoosha mwiko kwa baba mmoja mwenye overoli, wa kazi za bandarini Kilindini, aliyekaa pembeni yuwala. Nikamsimamia mbele.

"Nipe karatasi yako."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo. Nipe karatasi."

"Ngoja nimalize kula, ewe mwenda wazimu."

"Basi kula upesi, kuna mtu yuwangoja!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mmoja akasema atakayenioa atalala na helmeti. Yule baba akacheka mpaka akapaliwa na pilipili, akamimina viazi vilivyobaki kiganjani, akanipa karatasi yangu.

Tulisomea ngazini. Aligeuka. Juani pamekaribia kabisa, akageuka, akamuona mkewe, na mke akapotea moja kwa moja.

Nikawaka. "Mjinga mkubwa! Si aliambiwa!" Nilitaka kuirarua ile karatasi isiendelee kumuumiza Saumu. Akanizuia.

"Lakini alimuona," akasema. Kisha taratibu: "Hata mimi ningegeuka."

Baada ya Magharibi, tukinywa chai na watu wazima wote wapo, Saumu akasema kwa sauti, "Mamangu alikuwa akitia iliki nyingi kwenye mahamri."

Vikombe vikasimama hewani. Mimi nikakunja ngumi mapajani: atakayemwambia Saumu anyamaze, leo atanijua.

Nyanya alitazama chai yake. "Nyingi mno," akasema. "Nilimkanya tangu yuko mdogo hivi, hakusikia." Akacheka. Akalia. Akaendelea kumsimulia bintiye mpaka chai ikapoa, na Saumu akisogea, akisogea, hadi akawa amemlalia.

Siku hizi nanunua vitabu vizima. Falsafa nimejisomea peke yangu, hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na nimekuta wenye akili zao wakimhukumu yule bwana: hakuwa na subira, hakuwa na imani. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwa kishindo, nazunguka chumbani nikibishana na watu waliokufa.

Kwa sababu mimi pia sikuelewa wakati ule. Nilidhani Saumu aliuliza kama wafu hurudi. Hilo alilijua kuliko sisi sote. Alichotaka kujua ni kama mtu yuwaruhusiwa kugeuka. Hakuna mkubwa aliyemjibu, basi akajijibu mwenyewe, na kwa jibu lake nyumba nzima ikapata ruhusa.