Jina la Baba Mkwe

Nikinusa majivu yaliyonyeshewa mvua, narudi Mogitu nikiwa na miaka kumi, mkoa wa Manyara ukiwa bado mgeni masikioni mwetu. Wakulima na wafugaji walikuwa wamegombania njia ya kwenda majini. Ng'ombe walimaliza mahindi yetu yakiwa ndiyo yanaanza kubeba, na watu wa upande wetu, naona aibu kuandika, wakachoma maboma ya majirani. Baada ya usuluhishi wengi walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mama, ambaye hakujua kumung'unya maneno, alijibu kuwa methali ni tamu kwa yule ambaye shamba lake halikuliwa.

Hata hivyo nilikuwa na furaha msimu ule, sitadanganya. Mvua zilirudi, maharage mabichi yakajaa sufuriani, na kila wiki alikuja mwangalizi wa haki za binadamu, dada mpole kutoka mjini. Sisi watoto tulimwita Dada Daftari. Alikaa darasani kwetu akiandika waliofukuzwa, ili kila mmoja arudi kwenye kiwanja chake bila kutishwa na mtu.

Siku ya mwisho ya kuandikisha aliingia Mama Udoya, mjane wa Kibarbaig, jirani yetu hadi boma lake lilipochomwa. Maboma yaliandikwa kwa majina ya wazee walioyajenga, na lake lilijengwa na marehemu baba mkwe wake. Akaulizwa jina la mzee huyo. Akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, akazidi kuinama. Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe, hata kama kulitaja kungemrudishia nyumba. Dada wa watu hakulijua hilo. Akaandika kwamba shahidi hamjui mwenye boma, akafunua ukurasa mwingine. Mama Udoya alikuwa anapoteza kiwanja chake mbele ya macho yetu.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Mama, aliyekuja kudai mahindi. Tangu shamba liliwe hawakuwa wamesalimiana. Nilimwona akikaza khanga kiunoni, nikajua leo kuna mtu atasemwa.

"Hamjui vipi? Andika mzee Gidamuna," akasema. "Tumepakana naye tangu nilipoolewa. Mimi si mkwe wake, naruhusiwa kumtaja. Na chini yake andika kwamba ng'ombe wa huyu mama wamekula mahindi yangu."

Mama Udoya akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ni kweli," akasema. "Andika yote mawili."

Alijenga tena palepale, na mwaka uliofuata kibuyu chake cha maziwa ya mgando hakikukauka nyumbani kwetu. Siku hizi kazi ya Dada Daftari naifanya mimi, na fomu ziko kwenye simu. Nafasi ya jina ikiachwa wazi, simu hukataa kuendelea mpaka nibonyeze "hajui". Nashukuru urahisi wake. Lakini shahidi akiinamisha kichwa, naiweka simu mezani, natoka nje, naulizia jirani aliyegombana naye.